Mjaribu Mizinga na Mwalimu wa Pampu

Asubuhi ambayo kiwanda cha mizinga ya vita kilianza kuandikisha wafanyakazi wa kutengeneza pampu za maji, foleni ilizunguka jengo zima. Watu walisukumana, kila mmoja na bahasha ya vyeti kwapani. Kijana mmoja mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likanyooka, akapita pembeni kuelekea mlangoni.

"Kaka, sisi hapa tumekuja kuota jua?"

Akageuka. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani na koti la kazi lililopauka alikuwa amemkazia macho.

"Samahani, dada. Mimi ndiye mwalimu wa pampu."

"Mwalimu naye apange foleni. Ndiyo somo la kwanza."

Watu wakacheka. Mwalimu akarudi, akasimama nyuma yake, na hadi wanafika dirishani alishajua kwamba wenzake wanamwita Mzinga, maana kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kufyatua kila mzinga mpya kabla haujatoka kiwandani. Vita vilikuwa vimekwisha. Mizinga haikutakiwa tena, na yeye hakujua kama bado anatakiwa.

Jambo moja Mzinga hakumwambia. Mizinga ilikuwa imeliua sikio lake la kushoto. Kiwanda kilishatangaza kwamba kila mtu atapimwa afya, na asiyesikia vizuri hatakaribia mashine. Mzinga akawa anaishi roho juu, akisoma midomo ya watu.

Mapenzi hayakusubiri vipimo.

"Laazizi, umekula?" Mwalimu alipiga simu kila mchana, ingawa walitenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Nimekula. Acha kumaliza salio, niko hapa nyuma ya ukuta."

"Ukuta unanizuia kukuona."

"Kwani kwenye simu unaniona?"

Jioni moja kwenye kituo cha basi, katikati ya honi na kelele za makondakta, Mwalimu alijikaza, akainama na kulitoa neno alilolibeba wiki nzima: anataka kwenda kwao, akajitambulishe kwa mama. Alikuwa amesimama kushoto kwake. Mzinga alikuwa akitazama basi linaloingia.

"Basi langu hilo," akasema, akapanda.

Simu za mchana zikakatika. Mwalimu akawa anampita karakanani kama anapita nguzo. Mzinga naye akaamini kwamba siri yake imegundulika na mwenzake anajiweka mbali kabla ya kumripoti. Wiki tatu zikapita, hakuna aliyetulia wala aliyeuliza.

Siku moja kabla ya vipimo, Mwalimu aliwasha pampu mbele ya darasa.

"Sikilizeni beringi zake. Ziko salama?"

Wote wakasema ziko salama. Mzinga akaweka kiganja juu ya chuma.

"Ya nyuma inakufa."

Wakaifungua. Ilikuwa imelika upande mmoja.

Wenzake walipotoka kwenda kula, Mwalimu akabaki. "Umeisikiaje, wakati sisi wote hatukuisikia?"

"Sikuisikia. Niliigusa." Mzinga akafuta kiganja kwenye koti. "Niripoti tu, nimechoka kujificha. Sikio la kushoto halisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata ukipiga kelele."

Mwalimu akaketi juu ya kasha. "Basi siku ile kituoni hukunisikia."

"Ulisema nini?"

"Kwamba nataka kuja kwenu. Kwa mama."

"Kwa hiyo wiki tatu umeninunia kwa swali ambalo sikulisikia?"

"Nilidhani umenikataa."

"Mimi nikikataa, mtaa mzima unajua."

Mwalimu akacheka, kisha akashusha sauti. "Kesho usiende. Nitasema nimekutuma nje, tutafute njia."

"Hapana. Nikifichwa leo, nitafichwa mpaka uzeeni. Nitaingia na nitamwambia daktari mwenyewe."

Kesho yake Mwalimu alizunguka mbele ya chumba cha daktari mpaka muuguzi akamwambia akae. Hakukaa. Mlango ulipofunguka, Mzinga alitoka ameshika karatasi.

"Wamesemaje?"

"Mashine wameninyima. Wamenipeleka idara ya kukagua pampu. Miezi mitatu ya majaribio."

Mwalimu akashusha pumzi. "Na mimi?"

"Wewe pia, miezi mitatu." Akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Unaanza Jumapili. Mama anaamka mapema, usichelewe."