Wasiokuwemo Kwenye Faili

Jirani yetu, karani wa masjala, asubuhi ile alikuwa chumba cha mitambo anamtania kaka yake. Mashine inayohifadhi mafaili yote ya ofisi ilikuwa imezimika ghafla, na ilipowaka ikawa imesahau mipangilio yake: folda zipo wapi, nani aruhusiwe kufungua nini. Kaka mtu ndiye fundi wake. Alitakiwa kuhifadhi nakala ya mipangilio hiyo kila Ijumaa, na miezi minane sasa hakuwa amehifadhi hata moja.

"Uvivu wako umekutokea puani leo," alimwambia.

Kaka hakucheka. Nakala pekee iliyopatikana ni ya fundi aliyemtangulia, ya siku moja kabla kabati la mitambo halijamwangukia na kumponda kifua. Tangu hapo ofisi ilikuwa imeajiri watu watatu tu: mlinzi anayeandikisha wageni, kaka, na karani mwenyewe. Kioo cha mashine kikaonya kwamba nakala hiyo ikirudishwa, mtumiaji yeyote asiyekuwemo kwenye faili lake ataondolewa. Kaka akasema watatu si wengi, atawasajili upya baadaye. Akabonyeza ndiyo.

Jina la mlinzi likafutika la kwanza. Koridoni, mlango wa chuma ukajibamiza. Karani alichungulia, na mpaka leo anajuta. Mlango ulikuwa umembana mlinzi shingoni. Ulifunguka, ukajibamiza. Ukafunguka, ukajibamiza, mpaka kichwa kikaanguka upande wa ndani.

Jina lililofuata lilikuwa la karani.

Waya ukachomoka nyuma ya kabati, ukamzunguka koo, ukamburuta sakafuni. Kaka alirukia kibodi kumsajili upya. Herufi ya kwanza, kidole kikavunjika. Ya pili, kingine. Mfupa ukatokeza. Hakuacha. Jina la ndugu yake, kisha la baba yao, karani alizisikia herufi zikibonyezwa moja moja, kila moja na kilio chake. Waya ukalegea.

"Kaka, andika na lako," alinong'ona.

Kaka alimwonyesha mikono. Hakikubaki kidole cha kuandikia.

Kabati likainama. Karani alimshika shati, akavuta kwa nguvu zote. Kabati likaanguka.

Wenzake wa ofisini walipolinyanyua, chini yake hapakuwa na mtu. Sakafu kavu. Bosi alimuuliza kwa upole alifuata nini chumba cha mitambo, maana tangu marehemu afe hawajapata fundi mwingine. Mlinzi je? Ofisi ile haijawahi kuwa na mlinzi. Na mafaili yote yalikuwa yanafunguka vizuri.

Nyumbani, mama alipakua sahani mbili. Karani akauliza ya kaka iko wapi.

"Kaka yupi, mwanangu? Mimi nimekuzaa wewe peke yako."

Kesho yake alirudi chumba kile, akakipeleka kibodi kwenye mwanga wa dirisha. Vitufe vingi vilikuwa safi. Damu ilikuwa imekauka kwenye herufi za jina lake na la baba yao tu.