Injini Iliyobarikiwa Kabla ya Kukazwa

Asubuhi ile ya vuli, enyi majirani, ilikuwa ya kutamanisha. Yanjmaa alikuwa ameanika vipande vya maziwa ya mgando juu ya paa la hema, chai ya chumvi ilikuwa inachemka, na kondoo mia tatu walikuwa wametapakaa mlimani. Pale nje mumewe Sambuu na rafiki yake Gonchig walikuwa wanamalizia kuifufua injini ya lori lao kuukuu la Kirusi. Siku arobaini walikuwa wameiinamia. Kama theluji ingeanguka kabla lori halijavusha nyasi kavu ng'ambo ya mlima, kwenye kambi ya majira ya baridi, kondoo wale wasingeuona mwaka mwingine. Kila mtu bondeni alilijua hilo.

Sisi tuna desturi ya kupaka maziwa kitu kipya. Tunaiita myalaalga. Unachovya kidole kwenye bakuli, unakipaka kile kitu, unakiombea heri, basi. Yanjmaa alitoka na bakuli lake, na Gonchig alipoliona akaangua kicheko.

"Shemeji, injini haina meno ya maziwa! Hii ni dume, inataka araki."

"Nati za ndani mmeshazikaza?" Yanjmaa aliuliza. Baba yake alikuwa dereva wa ushirika zamani, naye alijua kwamba nati za mikono ya pistoni hushikizwa kwanza kwa vidole, kisha hukazwa kwa spana ndefu, moja baada ya moja.

"Zimeshika, shemeji. Tutamalizia."

Chupa ikatoka. Wapita njia wawili walioiona wakazima pikipiki zao, maana pua za walevi hazipotei njia. Hadi alasiri neno lilikuwa lile lile, tutamalizia, na walipoifunga injini kwa chini hakuna aliyekumbuka kama nati zilikazwa. Spana ndefu ilikuwa nyasini, haina hata doa la mafuta. Mmoja wao alikuwa ametapikia tairi la mbele, naomba radhi kwa aliye mezani, na Gonchig alikuwa amejinyoosha papo hapo, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Yanjmaa alirudi ndani na bakuli lake.

Kulipokucha alimwambia mumewe, "Fungua uangalie zile nati."

"Niifungue injini niliyoifunga jana? Unataka watu wanicheke?"

Akapakia nyasi, akaondoka. Hakufika hata nusu ya mlima. Ndani ya injini ilianza sauti kama ya nyundo, kisha mkono mmoja wa pistoni ukachomoka na kuitoboa bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, mafuta yakamwagika barabarani. Lori lilirudishwa nyumbani likikokotwa na ngamia wawili wa jirani, na jirani huyo hadi leo hajaacha kucheka.

Basi wakakaa hemani kuamua lifufuliwe vipi. Gonchig, aliyepaswa kuinamisha uso, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Tobo lenyewe ukubwa wa ngumi tu. Naweka kipande cha bati, nachomelea, siku nne lori linanguruma."

"Bloku ile ni chuma cha kusubu, huvunjika kama chungu," Yanjmaa alisema. "Ukiichomelea hapa nje penye upepo huu, itapasuka pembeni. Mjane Dolgorsuren ana bloku nzima bandani kwake. Anataka farasi wawili. Tuichukue, tuvue kila kitu, tuoshe, tupime, tuanze upya. Siku kumi na mbili."

"Farasi wawili kwa chuma chakavu! Shemeji, utatuua kwa kicheko."

"Na nati nani aliziacha?"

"Aah, chuma nacho kina ajali zake, kama binadamu."

"Ajali gani hiyo inayonuka araki?"

Sambuu alikuwa anakuna shingo. Moyoni alijua mkewe anasema kweli, na mimi nasema hivyo kwa sababu baadaye alikiri mwenyewe. Lakini alisema nini? "Gonchig tumetoka naye mbali, tangu jeshini. Nikimwondoa kazini leo, kesho nitamtazama vipi usoni?"

"Kondoo utawatazama vipi?" Yanjmaa alimuuliza.

Gonchig akampiga Sambuu begani, akaingiza mkono ndani ya joho lake. "Uamuzi wa wanaume! Tuubariki." Na chupa ikatoka tena, ndugu zangu, pale pale, kabla hata kipande cha bati hakijakatwa! Yanjmaa aliitazama midomo ile iliyolowa, inavyovuta na kulamba ukingo wa kikombe. Alitoka nje akaenda kukamua.

Walichomelea. Siku ya nne injini ikawaka, kweli, ikanguruma hata mbwa wakakimbia. Heko zikatolewa. Bila shaka mmeshajua kilichofuata: injini iliyopona lazima ibarikiwe. Walikunywa hadi wakalala chakari, wote wawili.

Sasa, hata mtoto wa kwetu anajua kwamba vuli ikikolea, maji ya rejeta na ya injini hufunguliwa kila jioni yakamwagika chini, la sivyo yataganda. Yanjmaa alikuwa bonde la pili kwa siku mbili, akimtafuta farasi jike aliyepotea. Aliporudi asubuhi alikuta barafu imechungulia kwenye kifuniko cha rejeta, na bloku imepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, pale penye bati na pasipo na bati. Wanaume walikuwa bado wanakoroma.

Alipanda farasi kwenda kwa Dolgorsuren. Bloku ilikuwa imeondoka juzi yake na mtu wa bonde la pili. Siku tatu baadaye theluji ikaufunga mlima, kondoo wakiwa wameshavushwa kwa miguu hadi kambi ya baridi na nyasi zao zimebaki upande wa huku.

Kondoo walikufa wamesimama, wakitafunana sufu kwa njaa. Sitawasimulia zaidi. Walibaki arobaini na wawili.

Barafu ilipoyeyuka, Gonchig alikuja tena, uso mkunjufu. "Usife moyo, ndugu yangu. Nimesikia kuna injini nzima mjini. Tutalifufua!" Akamimina, akakinyoosha kikombe. Mizoga ilikuwa bado inanuka nyuma ya hema. Yanjmaa alisimama mlangoni, akimtazama mumewe.

Sambuu akapokea kikombe, kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote.

Kabla ya adhuhuri Yanjmaa alikuwa amefunga mizigo yake juu ya ngamia, akawaswaga wale kondoo arobaini na wawili kuelekea kwa kaka yake. Sambuu alimwita mara mbili. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, hata jina la mkewe lilimshinda kulitamka vizuri.

FUNZO

Desturi si mbaya. Wazee wetu walipaka maziwa, tena kwa kitu kilichokwisha kukamilika. Sisi tumeweka araki mahali pa maziwa, na sherehe mahali pa kazi, halafu tunajiita watu wa mila. Huo ni uchafu, na nausema mbele yenu wote. Kazi ikiharibika, muulize kwanza aliyeiharibu kabla ya kumrudishia spana, hata kama ni rafiki wa jeshini. Na anayekunywesha kabla hujamaliza hakutakii heri. Mwambie arudi ukimaliza, na akikasirika, mwache aende na chupa yake.