Limi Hatoki Kiotani

— Usinishike, Mwalimu. Nimeona kwa macho yangu.

— Umeona nusu, Mihayo.

— Nusu inanitosha. Limi kaingia kwa Maduhu, vigelegele vikapigwa. Kuna nini tena cha kuona?

Mihayo alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye lori la Geita. Mabawa ya kitambaa cha kanga ya njano yalikuwa bado yamefungwa mabegani, na utingo alikuwa akimwuliza tangu lini ndege wanapanda lori.

Mwalimu Pantaleo, yule wa baiolojia, ndiye aliyebuni ile jioni ya sanaa kwenye uwanja wa shule, Nyasubi, mwaka sabini na saba. Walichezwa mbung'o, wakachezwa konokono wa kichocho, mwisho wakaja minana, wale ndege wasukao viota. Vijana wananing'inia kwenye nguzo, kila mmoja na kiota chake cha matete, kikubwa cha kuingia mtu, wanapiga mabawa. Jike, ndiye Limi, anapita akichagua. Watu wa Kahama hawakuhitaji kufafanuliwa. Hiyo ni chagulaga, vijana kumzunguka msichana na kumwambia achague mmoja. Akishamtaja mbele za watu, amemtaja.

Ndiyo maana Limi na Mihayo walipanga iwe hapo. Mzee Mabula, baba yake Limi, alishasema binti yake haendi kwa mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, huko Geita, anayekula vumbi. Alimtaka Maduhu, karani wa mizani ya pamba. Gunia la mkulima likifika kwa Maduhu lilipungua kama linayeyuka, na bado mtu kama huyo mstari wa mbele anawekewa kiti, waliomlimia wakikaa chini. Limi angemtaja Mihayo hadharani, mzee abaki na la kusema kooni.

— Kwani hujui mnana jike anavyofanya? Mwalimu akauliza.

— Nimetoka shimoni leo asubuhi, nimefika mkanivika kanga. Nani kanifundisha?

— Limi hakukwambia?

— Safari iliyopita aliniambia nisuke kiota kigumu, nikakisuka. Basi.

Mwalimu akajishika kiuno.

— Jike haingii kukaa, Mihayo. Anaingia kujaribu. Anavuta majani, kikifumuka, anaondoka. Cha Maduhu kimefumuka chote, kimemwangukia mwenyewe kichwani. Kumbe hakukisuka yeye, aliwasukisha wakulima waliokuwa wanangoja kupimiwa. Wewe ulishatoka mbio.

Kichwa cha Mihayo kilikuwa kama duara, shimo la wachimbaji, lililoporomoka, hajui juu ni wapi, chini ni wapi.

— Kwa hiyo hakumchagua?

— Kaingia kwako. Kavuta, kimeshika, kaketi. Kataja jina lako, hakuna mtu.

— Sasa?

— Sasa hatoki. Unapanda lori au unakuja?

Uwanjani karabai zilikuwa zinawashwa. Mzee Mabula alisimama chini ya nguzo, uso juu, fimbo mkononi.

— Limi, shuka. Mchezo umeisha.

— Haujaisha, baba.

— Unamngoja nani? Mwenye kiota kakimbia.

— Nilikuwa namngoja akiwa Rwamgasa. Hapa nitashindwa nini?

Maduhu, matete yamemganda shingoni, akakohoa.

— Mwache, mzee. Njaa ikimshika atashuka.

— Wewe nenda kapime pamba, mama mmoja akamwambia kutoka nyuma. — Na leo usituibie.

Kicheko kikatoka kwa wale waliokaa chini, kikapanda mpaka kwenye viti, na huko kikafia. Hapo Mihayo akapenya katikati ya watu, bawa moja linaburuta.

— Limi.

— Ulikwenda wapi?

— Nilidhani...

— Najua ulichodhani. Kiota chako nimekivuta kwa nguvu zangu zote, tazama mikono ilivyochanika, kimeshika. Wewe sijakuvuta hata kidogo, umefumuka.

Mihayo akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama karabai.

— Kumbe na huyu humtaki, mzee akasema, sauti imepata nguvu.

— Namtaka, baba. Ningekuwa simtaki ningemgombeza kwa lipi?

Mzee Mabula akawageukia watu, kama anayetafuta mmoja wa kumsaidia. Maduhu alikuwa ameinama anajitoa majani.

— Wewe kijana, mzee akasema. — Ni kweli umekimbia?

— Nimekimbia, mzee. Sikuelewa. Na sasa hivi bado sielewi vizuri. Ila nimerudi.

Akavua yale mabawa, akayaweka chini, akainama.

— Shikamoo, mzee.

Tangu amkatae, Mzee Mabula hakuwahi kuiitikia shikamoo ya Mihayo, si sokoni, si msibani. Uwanja wote ulilijua hilo.

— Marahaba, mzee akasema, kama mtu anayetema kokoto. — Haya, mshushe mkeo. Shingo inaniuma kwa kutazama juu.