Uzito wa Jina la Askenroyd

Mto wa kile kiti ulibonyea wakati Hester Askenroyd akipiga pasi.

Ilikuwa alasiri, mvua ikinyesha kama ilivyozoea kunyesha katika bonde lile la Yorkshire, na sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Kiti cha marehemu mama yake kilikuwa karibu na moto wa makaa. Hester aliona kitambaa kikivutika polepole kuelekea katikati, kisha shimo likatulia, pana kuliko makalio ya mtu yeyote aliyemjua. Miguu ya kiti ikalia. Ikaja harufu ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi, utomvu na udongo uliofukuliwa, ndani ya nyumba ya mawe isiyokuwa na hata chungu kimoja cha maua.

Hakupiga kelele. Tangu utotoni alizoea kitu chepesi kikikanyaga miguuni pa kitanda chake, mfano wa paka, na nyumbani walikuwa na mzaha juu yake. Walikiita Mpangaji, kwa kuwa alikaa bure na hakuaga. Lakini paka hakalii kiti namna ile.

Simu ikalia ukumbini. Baba yake, mzee Wilfred, aliipokea, akasikiliza, akasema, "Asante kwa kutujulisha," kisha akaja kusimama mlangoni.

"Clement amefariki," alisema. "Yule ndugu yetu wa Kanada. Hakuacha mtoto." Akakitazama kiti. "Naona ameshafika."

"Nani ameshafika?"

"Usinifanye mjinga, Hester. Fungu la Clement. Tumebaki wawili duniani, wewe na mimi."

Mzee Wilfred aliishika kichwani historia ya ukoo, na hakuvumilia mtu aikosee. Jioni ile alimweleza bintiye sehemu aliyokuwa akimficha.

Zamani, kabla watu wa bonde lile hawajawa na majina ya ukoo, mtu mmoja aitwaye Adam alipanda mlimani na shoka, akafyeka msitu wa miti ya aski, ile mirefu ya nchi za baridi, ambao wenzake waliuacha makusudi. Walimwambia msitu ule una mwenyewe. Adam akajibu, basi mwenyewe ajitokeze tuzungumze. Hakujitokeza mtu. Adam akajenga, akapanda shayiri, na karani wa bwana wa ardhi, alipotaka kumtofautisha na akina Adam wengine, akamwita kwa jina la pale mahali: Askenroyd, yaani palipofyekwa miti ya aski. Mwenye msitu hakuwa tena na mti wa kukaa. Kilichobaki ni jina la mahali pake, na jina limeshachukuliwa na mtu. Akaingia humo.

Kwa vizazi vingi haikuwa taabu. Akina Askenroyd walizaana. Walishuka bondeni na mitambo yao ya kufumia, wakajaza mitaa ya viwanda vya sufu. Wengine walivuka mlima hadi Rochdale, wengine wakaenda New Zealand kuchambua sufu, wengine Kanada kulima ngano. Kila aliyezaliwa alichukua fungu lake, na jini yule akagawanyika mno hata nyumba moja ikapata uzito wa paka, nyingine wa ndege. Halafu ikaja ile vita kuu. Vijana wa mtaa mmoja waliojiandikisha pamoja walikufa Ufaransa asubuhi moja, na asubuhi hiyohiyo, kabla barua za serikali hazijafika, wanawake wa mtaa mzima walihisi magodoro yakibonyea kando yao. Walitoka milangoni na nguo za kulalia wakatazamana, kila mmoja akijua, na hakuna aliyethubutu kusema. Baada ya hapo wasichana waliolewa, wakachukua majina ya waume zao kama ilivyo desturi. Wavulana hawakuzaliwa. Na kila jina lilipozimika, fungu lake liliwarudia waliobaki.

"Ndiyo maana kila aliyekuja kunichumbia ulimfukuza?" Hester aliuliza.

Mzee Wilfred alichochea moto.

Aliyemchumbia safari hii hakuwa mwepesi wa kufukuzika. Desmond Crabtree alikuwa fundi wa mabasi, mwenye mikono mikubwa na mdomo wa mzaha, na alikuja kila Jumamosi na soseji zake kwenye karatasi.

"Crabtree," mzee Wilfred alimwambia usoni. "Bonde zima limejaa Crabtree. Mtu akitupa jiwe dirishani, anampata Crabtree."

"Ni kweli, mzee," Desmond akajibu. "Na anayetaka kumpiga Askenroyd inabidi aje alitupe humu sebuleni."

Hester alicheka. Baba yake hakucheka. Desmond alipokwisha kuondoka, mzee alifunga mlango akazungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba kile kiti kilikuwa na masikio.

"Ukiolewa na huyu, ukachukua jina lake, fungu lako linanijia mimi. Lote. Unataka kumponda baba yako?"

"Na nisipoolewa, ukifa wewe?"

"Wewe bado kijana. Una mifupa migumu."

Hester alimtazama mtu huyo aliyemzaa, akaona kwamba hakuwa akitania. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Kasisi Thewlis kuomba ndoa itangazwe kanisani.

Jumapili ya kwanza kasisi alisoma majina yao na kuuliza kama yupo mwenye kujua kizuizi, na benchi tupu la nyuma likapasuka kwa mlio kama wa mti unaoanguka. Watu waligeuka. Waliona mbao zimemeguka, na wakasema ni wadudu. Hester alisikia ile harufu. Tangu siku ile Mpangaji hakukaa tena kitini kungoja. Alipanda ngazi nyuma yake, mchana kweupe, kila kipande cha ubao kikilia mara mbili, mara moja kwa mguu wake na mara ya pili kwa mguu mwingine mzito zaidi, na alipojilaza kupumzika alihisi ukingo wa kitanda ukishuka, kisha katikati, kisha uzito ule ukimpanda magotini, tumboni, kifuani, bila haraka, kama mtu anayetafuta pa kuketi katika nyumba yake mwenyewe, hata pumzi yake ikawa nyembamba na harufu ya udongo ikamjaa mdomoni, na kutoka chumba cha pili, nyuma ya ukuta, akamsikia baba yake naye akikoroma na kukukurika chini ya mzigo uleule.

Kasisi Thewlis alikuja na kitabu na maji ya baraka. Alisimama katikati ya sebule akasoma kwa sauti thabiti. Mto wa kiti ulijaa ukarudi kama ulivyokuwa, na mbao za sakafu zikaanza kubonyea, mmoja baada ya mwingine, kuelekea kwake. Hakuacha kusoma. Kitu kikamwegemea begani, na kasisi, aliyekuwa mtu wa miraba minne, akashuka hadi magoti yakagonga sakafu.

Alipoweza kusema, alinong'ona, "Aliyeingia nyumbani ningemtoa. Huyu hakai nyumbani. Anakaa katika jina lenu."

"Sasa tufanyeje?" Hester aliuliza.

"Mwoneni wakili."

"Wakili!" mzee Wilfred alifoka. "Kanisa limeshindwa, unatupeleka kwa wakili?"

"Mzee, mimi ndiye niliyepigishwa magoti. Niache niseme ninachokijua."

Wakili wao, Bi Sugden, hakuuliza sababu. Alieleza tu kwamba katika nchi ile jina la mtu ni lile analolichukua mwenyewe na kulitumia kwa nia ya kweli. Hati ni ushahidi. Mzee Wilfred angeweza kuwa Crabtree siku hiyohiyo Hester atakapokuwa Crabtree, na jina la zamani lisiwe na mtu.

"Mimi niwe Crabtree? Tumelibeba miaka mia saba!"

"Hukulibeba wewe, baba," Hester alisema. "Ulikuwa ukitafuta wa kulibeba."

Ikafika siku ya harusi.

Siku hiyo Bi Sugden alikuja na hati yake ndani ya mkoba, kwa kuwa Hester alimwomba. Mzee Wilfred alikaa benchi la mbele, amevaa suti, midomo imebana. Ndoa ikafungwa. Maharusi wakaingia chumba cha pembeni kutia saini, na Hester alipoinua kalamu kutoka kwenye karatasi alijisikia mwepesi ghafla, mwepesi hata akashika ukingo wa meza asije akayumba. Kanisani, benchi la mbele likapasuka.

Walimkuta baba yake chali kati ya mbao zilizovunjika, macho yamemtoka, kifua kimebonyea chini ya vifungo vya suti kana kwamba mtu amekiwekea jiwe la kinu, na hapakuwa na kitu juu yake ila hewa na ile harufu. Desmond alimshika mabegani akavuta. Hakusogea.

"Kubali, mzee," Desmond alisihi. "Ni jina tu. Langu si baya hivyo."

Midomo ilisogea. Bi Sugden alipiga magoti, akaweka hati karibu na mkono wake, na Hester akamshikisha kalamu. Vidole vilichukua muda mrefu. Mzee Wilfred aliandika Crabtree kwa mwandiko wa mtoto, na herufi ya mwisho ilipokamilika alivuta pumzi ndefu akaanza kulia. Mlango mkubwa wa kanisa ulifunguka wenyewe. Majani ya uani yakalala chini kwa mstari mmoja kuelekea mlimani, kana kwamba kuna mzito aliyekuwa akiyakanyaga, akirudi alikotoka.

Ulipita mwaka wa amani. Kila ubao wa ngazi ulilia mara moja tu, kwa mguu wa aliyepanda. Hester alizaa mtoto wa kiume, na mzee Wilfred, aliyekuwa haingii nyumbani kwa Desmond bila kununa, alianza kuja kumbembeleza. Ni Desmond aliyependekeza babu awe baba wa ubatizo.

"Yaishe sasa," alimwambia mkewe. "Mtu hawezi kukaa na kinyongo mpaka kaburini."

Hester alikubali. Walipatana juu ya jina moja, Laurence.

Siku ya ubatizo jua liliwaka. Kasisi Thewlis alimpokea mtoto mikononi juu ya birika la maji, akamgeukia babu kama desturi inavyotaka. "Mpe jina mtoto huyu."

Mzee Wilfred alinyoosha mgongo.

"Laurence Askenroyd," alisema.

Familia nyingi za bonde lile hufanya hivyo: jina la ukoo wa mama huwekwa katikati, baada ya jina la kwanza, lisipotee. Na kasisi, aliyezoea miaka mingi kurudia anachoambiwa na baba wa ubatizo, alikuwa ameshalirudia huku akimwagia mtoto maji kabla masikio yake hayajamwambia alichokisema.

Harufu ya mti mbichi ikajaa kanisa. Mikono ya kasisi ikaanza kushuka. Aliuma meno, mishipa ya shingo ikamsimama, akashuka goti moja, akashuka la pili, akamlaza mtoto sakafuni kwa shida, nguo nyeupe ya ubatizo ikabana juu ya kifua kidogo, na Laurence, aliyekuwa akilia kwa baridi ya maji, akanyamaza kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kulilia. Hester alimrukia. Aliingiza mikono chini ya mwanawe akanyanyua, na ilikuwa kama kunyanyua sakafu yenyewe.

"Ni jina la katikati tu!" mzee Wilfred alisema, akirudi nyuma. "Nani hulisoma jina la katikati? Nilitaka tu lisife!"

Mtoto hakuweza kulikataa jina mwenyewe. Uso wake ulikuwa ukigeuka rangi ya majivu. Hester aliinama, paji lake likagusa paji la mwanawe, akasema kwa sauti ambayo kanisa zima liliisikia, "Mimi ni Hester Askenroyd. Nalichukua. Ni langu."

Uzito ulimwangukia mgongoni hata kidevu chake kikagonga jiwe. Kifua cha mtoto kiliinuka kidogo, kikashuka, kikakwama.

"Haitoshi," alisema kwa taabu. "Desmond. Haitoshi."

Desmond Crabtree alikuja mbio. Alipiga magoti kando yao, akaweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha mwanawe. "Desmond Askenroyd," alisema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetwishwa magunia mawili. Mtoto akavuta pumzi. Akalia, kilio chembamba, kama cha mtoto aliye chini ya blanketi nyingi.

Watatu sasa. Hester alijaribu kusimama, akaweza kuinua goti moja tu. Alijua wangeishi, kwa kujikokota, na kwamba mtoto yule asingetambaa kwa wakati wake wala kutembea kwa wakati wake, ila mzigo ugawanywe tena. Alisogeza kichwa akamtafuta baba yake. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni.

"Baba," alimwita. "Wa nne. Lichukue, umpunguzie mjukuu wako. Wewe ndiye uliyelipenda."

Mzee Wilfred aliwatazama wale watatu chini sakafuni. Aliinamisha kichwa, akaivaa kofia yake.

"Mimi," alisema, "ni Crabtree."

Akatoka nje juani, hatua zake nyepesi kwenye changarawe.