Kitufe cha Kijani

Binti yangu hutengeneza kurasa za hospitali ambazo wagonjwa hufungua kwenye simu. Kazi hiyo siielewi vizuri, lakini naisifu kila mahali, hata kwa kinyozi.

Asubuhi moja nilitaka kuthibitisha siku ya kupasuliwa jicho. Nilikuwa naona ukungu tu. Kwenye ukurasa wa dawa, kitufe cha kijani ni "Ndiyo". Basi nikabonyeza cha kijani kwenye ukurasa wa miadi. Kumbe huko kijani ni "Futa"! Nafasi yangu akapewa mwingine, nikaambiwa nisubiri miezi mitatu.

Binti yangu aliona aibu.

"Nisamehe, baba. Kila ukurasa una timu yake, na kila timu ina vitufe vyake. Mwaka jana niliwatengenezea vya pamoja. Hakuna aliyevigusa."

Jirani yetu, Mama Sare, alikuwa amekuja kuazima ngazi. Yeye husimamia karakana ya kushona sare, na kunyamaza hakuwezi.

"Uliwauliza kwanza?"

"Hapana, mama. Nilijifungia wiki mbili, nikawatumia vikiwa tayari."

"Uliwashonea bila kuwapima, halafu ukataka wavae!" Akacheka. "Mimi nina mafundi kumi na wawili. Vielelezo vya sare, zile karatasi za kukatia vitambaa, tulivikata pamoja. Anayetaka kubadilisha hata mfuko, analeta sampuli Ijumaa. Tunaijaribu wote. Tukikubali, tunaandika, na kila meza inapata kielelezo kipya. Tusipokubali, hakuna kugusa mkasi."

"Na anayekataa vielelezo?"

"Muulize nini kinambana. Mara nyingi ana sababu."

Jumatatu binti yangu aliita mtu mmoja kutoka kila timu. Alitandaza mezani picha za kurasa zao zote. Wakahesabu vitufe vya "Ndiyo". Vilikuwa kumi na saba, hakuna kinachofanana na kingine! Wakacheka hadi machozi.

Mkuu wa timu ya miadi ndiye aliyekuwa mbishi.

"Vitufe vyako ni vidogo," alimwambia. "Wagonjwa wetu ni wazee."

Alisema kweli. Binti yangu aliondoa kitufe chake, akaweka kikubwa cha yule mbishi, ila kwa rangi ya kijani. Tangu siku hiyo, mbishi huyo ndiye mlinzi mkali wa vitufe vya pamoja.

Wakakubaliana kukutana kila Alhamisi, nusu saa tu. Kila timu ina mjumbe. Badiliko hujadiliwa, huandikwa mahali ambapo wote wanaona, na timu zote hulifuata siku moja.

Zamu yangu ilipofika, nilishika simu. Kijani kikubwa: "Ndiyo, nitakuja." Nilibonyeza mwenyewe, bila kumwita mtu.

Siku ya kufunguliwa bandeji, muuguzi alisema, "Siku hizi wazee hawafuti miadi kwa bahati mbaya."

Nikavimba kifua. "Kazi ya binti yangu hiyo!"

Binti yangu akanikanyaga mguu. "Baba, sema kazi yetu."

"Kazi yao wote," nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Na aliyewaita mezani ni huyu hapa. Namwona vizuri kabisa."