Sweta la Kijani

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, katika kiangazi kirefu kilichokausha mabomba ya mji mzima. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia mitaani, na watu walitangaziwa chanjo ya bure kwa wanyama wao katika uwanja wa soko. Asubuhi hiyo uwanja ulijaa kila chenye mkia: mbwa wa kamba, paka wa makapu, na kasuku mmoja ambaye mmiliki wake alikataa katakata kuambiwa kwamba kasuku hachanjwi.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya mji alisimama katikati ya foleni, gauni lake la zambarau limenyooka kwa pasi, na nyuma ya gauni hilo alijibanza mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga. Nyuma yao alikuja kusimama mwanamume mrefu aliyevaa aproni ya turubai iliyolowa grisi. Mfukoni mwa aproni kilichungulia kichwa cha paka mwenye jicho moja.

Mwanamume alimsalimu, kisha akauliza mbwa anaitwaje. Akajibiwa kwamba anaitwa Askari.

“Askari,” alirudia, akimtazama mbwa aliyekuwa akitetemeka. “Na anayelindwa hapa ni nani, dada, yeye au wewe?”

“Tunapokezana zamu. Na huyo wako?”

“Nati. Ni kitu kidogo, lakini kikidondoka, mashine yote hutikisika.”

Muuguzi alicheka, na alipocheka alishtuka, kwa kuwa hakuwa amesikia sauti hiyo kinywani mwake tangu alipomzika mama yake.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa makufuli, mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Jioni, muuguzi alipomtembeza Askari, miguu ya mbwa ilianza kuelekea kibandani pasipo kuongozwa, na muuguzi akajifanya kwamba anaburutwa. Askari alilala juu ya chenga za shaba, Nati akalala juu ya Askari, na wenye wanyama wakazungumza mpaka maduka yakafungwa. Mapenzi yaliingia hivyo, kwa mlango wa nyuma. Simu nazo hazikukoma.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Askari ndiye aliyesusa. Anataka alishwe na wewe.”

“Mwambie mimi si mpishi wake. Mimi ni mkwe wake, na mkwe hupikiwa.”

Askari alikuwa mbwa wa marehemu mama. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mama alimshika bintiye mkono akamwomba jambo moja tu: siku ya mbwa ikifika, asife mikononi mwa mgeni. Binti aliapa. Baada ya mazishi mbwa ndiye aliyemlazimisha kuamka, kutoka nje, kuwajibu majirani waliomsalimu. Nyuma ya mlango, msumarini, lilibaki sweta la mama la kijani. Halikufuliwa kamwe. Askari alilala chini yake kila usiku, pua imeelekezwa juu, na muuguzi mwenyewe, siku zikimlemea, alikuwa akiufunika uso wake kwa mkono wa sweta hilo. Jambo hili hakumweleza mtu, hata fundi. Kuna majonzi ambayo mtu huyaonea haya.

Kitasa cha mlango wake kilipoharibika, fundi alimwekea kipya, kisha akamkabidhi funguo zote. Muuguzi alimtania kwamba hapana shaka amejiwekea mmoja mfukoni, maana mafundi ndivyo walivyo.

“Hakuna kitasa kinachonishinda, na ufunguo siuhitaji,” fundi alisema, safari hii bila mzaha. “Lakini mlango wako sitaufungua mpaka unifungulie wewe.”

Neno hilo muuguzi alilithamini kuliko pete.

Siku ya mkasa, muuguzi alikuwa katika chumba cha upasuaji, ambako simu hufungiwa kabatini na aliyeingia hatoki mpaka mgonjwa ashonwe. Kazi yake ilikuwa kuweka kiganja juu ya paji la uso la mgonjwa wakati dawa ya usingizi inapoingia, na kumsemesha polepole mpaka afumbe macho. Upasuaji ulirefuka. Alipofungua kabati alikuta simu imejaa miito ya fundi, na alipopiga haikupokewa.

Nyumbani aliukuta mlango umefungwa vizuri. Ndani, sakafu ilikuwa imesuguliwa na bakuli la Askari limeoshwa na kufudikizwa. Msumari ulikuwa mtupu. Alitoka nje akamkuta fundi anakuja, udongo umemganda magotini.

“Askari yuko wapi?”

“Amekufa, mpenzi. Mama jirani alimsikia akilia, akanijia mbio. Daktari alisema bandama imepasuka, hakuna dawa ila sindano ya mwisho. Nilikupigia. Nikapiga hospitali, wakaniambia huitwi mpaka umalize.”

“Ukaufungua mlango wangu.”

“Niliufungua.”

“Na sweta lililokuwa msumarini?”

“Nililichukua mimi.”

“Lirudishe.”

“Halirudi tena.”

“Lilikuwa la mama yangu,” muuguzi alisema. “Ndiyo harufu yake iliyokuwa imebaki duniani.”

Uso wa fundi ulibadilika kama wa mtu aliyepigwa. Alifumbua kinywa, akakifumba. Muuguzi aliusoma ukimya ule kwa macho ya hasira: akaona mtu aliyepangusa damu ya mbwa kwa sweta la marehemu, akalitupa jalalani, akamwacha Askari mezani kwa mgeni na kuondoka. Akamwambia kwamba afunguaye kisicho chake ni mwizi, hata akija na machozi. Fundi hakujitetea. Aliinamisha kichwa akaenda zake, na usiku huo muuguzi akaifungia namba yake isimfikie.

Nyumba ikawa kaburi lenye madirisha. Hakuwa na sababu ya kutoka jioni. Mitaani watu walimpita, akatambua kwamba salamu zote zile zilikuwa za mbwa, yeye alikuwa amezidandia tu. Kazini, kila alipoweka kiganja juu ya paji la uso la mtu asiyemjua, alikumbuka kiapo alichokivunja.

Mvua za kwanza ziliponyesha, simu yake iliita. Alikuwa daktari wa wanyama, mama mmoja wa makamo asiyejua kupamba maneno.

“Fundi wako yuko hapa na paka wake. Figo zimekwisha. Yupo kwenye benchi tangu asubuhi, haingii wala haondoki.”

“Si wangu, daktari.”

“Basi fundi asiye wako. Ninakupigia kwa sababu nilimwona siku ile ya Askari. Mbwa wako alikuwa akihangaika, hataki kushikwa. Huyu bwana akalivaa lile sweta la kike, la kijani, mikono imemwishia viwikoni. Aliniambia amechukua nguo yako ili mbwa akunuse wewe. Akakaa sakafuni, akampakata. Mbwa akatulia, akatafuna ukingo wa sweta, akaenda nalo mdomoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang’anya. Wamezikwa pamoja.”

Muuguzi aliketi kitandani. Fundi alidhani sweta ni la muuguzi. Askari alijua ni la nani. Hakufa mikononi mwa mgeni, alikufa kifuani kwa mama. Na fundi, alipoambiwa ukweli mlangoni pale, alifahamu kwamba amelizika lisilorudi, akaona kujieleza ni kuomba shukrani.

Alimkuta kwenye benchi, amekonda, Nati amelala kapuni kama kitambaa. Hawakukumbatiana.

“Kwa nini huingii?” aliuliza.

“Siwezi tena. Ya Askari hayajanitoka mikononi.”

“Nipe aproni yako.”

Fundi alimtazama, kisha akaivua. Muuguzi aliivaa juu ya gauni lile lile la zambarau. Ilinuka grisi na shaba, na ilimfika miguuni. Akalibeba kapu, akaingia, akakaa sakafuni. Nati aliisikia harufu ya kibandani, akajikokota mpaka mfukoni, akaingiza kichwa. Muuguzi aliweka kiganja juu ya paji lile dogo, akamsemesha polepole habari za funguo na vitasa mpaka jicho lile moja lilipojifumba. Hakuondoa mkono mpaka daktari alipomgusa bega.

Alipotoka alikuwa amempakata paka, amemviringisha ndani ya aproni. Fundi aliona, asiulize aproni itarudi lini.

“Askari yuko wapi?” muuguzi aliuliza. Safari hii aliuliza kwa kutaka kujua.

Fundi alimwongoza nyuma ya zahanati, penye ukuta na udongo ulioanza kuota nyasi. Jembe lilikuwa limeegemezwa hapo. Aliponyoosha mkono kulichukua, muuguzi alimwekea Nati mikononi.

“La Askari ulichimba wewe,” alisema, akavua viatu. “Hili ni langu.”

Mvua ilikuwa imelainisha ardhi. Alichimba.