Kahawa ya Ghorofa ya Nne

Kila Alhamisi alasiri watu wa Amman hukumbuka wote kwa pamoja kwamba wanapenda kunafa. Siku hiyo foleni ya duka la katikati ya mji ilikuwa imejaza kichochoro mpaka barabarani, na waliokwisha kupata walikuwa wanakula wamesimama, sahani mkononi, jibini ya moto ikivutika na shira ikichuruzika vidoleni.

Jumana alikuwa ameegemea ukuta. Alivaa gauni refu la kijivu, mtandio rangi ya zafarani, na raba nyeupe za mtu ambaye kazi yake ni kutembea. Kwapani alibana bahasha ya karatasi. Mbele yake alisimama kijana mwenye ovaroli ya buluu na futi ya kupimia kiunoni, mabega kama mlango. Alipogeuka kumpisha mzee mmoja, kiwiko chake kikaigonga sahani ya Jumana, na shira yote ikaishia kwenye bahasha.

"Irbid yangu!" Jumana alipiga kelele.

"Nani?" Kijana aliangalia chini, akidhani kuna mtoto.

"Irbid! Umeimwagia Irbid nzima shira!"

Akazitoa karatasi. Zilikuwa za ofisi yake, inayohesabu majengo mapya mji kwa mji, ili wakubwa wajue upi unakua na upi umesinzia. Ukurasa wa Irbid ulikuwa unang'aa.

"Basi dada, usiumie," kijana akasema. "Mimi mwenyewe mtu wa Irbid. Shira haitudhuru."

"Kumbe ndiyo maana mnanata!"

Foleni nzima ikacheka. Kijana naye alicheka, akiwa mwekundu mpaka masikioni. Aliitwa Suhaib. Alimnunulia sahani nyingine, na alipokuwa anampangusia bahasha kwa leso akaisoma namba ya simu ya Jumana iliyoandikwa juu yake. Msinilaumu mimi, namba ilikuwa pale pale.

Kesho yake akapiga.

"Habari za Irbid? Imekauka?"

"Imekauka, lakini imegandana na Zarqa. Bosi anauliza tangu lini miji hii miwili imekuwa mmoja."

"Kwa jinsi wanavyojenga, mwambie asubiri miaka kumi tu."

Simu hiyo ilizaa nyingine, na nyingine. Suhaib alikuwa fundi wa lifti, na katika nchi ambayo kila kilima kinaota maghorofa hakosi kazi. "Wewe unaihesabu miji, mimi naipandisha," alimwambia. Alimwita Mama Takwimu. Jumana akamwita Bwana Juu-na-Chini, na siku akiwa na furaha, laazizi. Walikutana mchana, mahali penye watu, wakanywa juisi ya tamarindi na kubishana mji upi utaupita mwenzake. Mwezi wa tatu Jumana alikuwa anampenda hasa, ila neno ndoa halikuwahi kutoka mdomoni mwa yeyote. Alilisubiri, na kwa Suhaib lilikuwa limefika mpaka kooni.

Sasa nyumbani kwao Jumana, kwenye mteremko wa Jabal al-Luweibdeh, kulikuwa na vita vya lifti. Mama yake, Umm Firas, alikaa ghorofa ya nne na magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi. Miezi kumi hakuigusa barabara. Majirani wote walitaka lifti. Aliyekataa ni mumewe, Abu Firas, mwashi mstaafu, kwa sababu ukuta wa kutobolewa aliujenga yeye, jiwe jeupe moja baada ya jingine, enzi za ujana wake. Jirani yao Abu Awni aliomba fundi, na Jumana, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, akampa namba ya Suhaib.

Suhaib akaja, akapima ngazi, akaondoka. "Na mzee?" aliuliza. "Ah, mzee alishakubali," alijibu Abu Awni. Huo ulikuwa uongo, lakini wa mtu mwenye matumaini.

Juma lile lile Suhaib akapata habari. Aqaba, kule kusini kabisa baharini, walikuwa wanajenga mahoteli, na walimtaka kuanzia Septemba, mwaka mzima. Alihesabu siku, akaingiwa na woga. Akitaka kuposa, mtu wa kwao hukusanya wazee, wakaenda kundi zima na makoti yao ya heshima. Wazee wake walikuwa Irbid na mavuno. Akaamua atangulie peke yake, afungue mlango tu, wazee wafuate. Haraka haraka haina baraka, lakini nani humwambia hivyo kijana aliyependa?

Akapiga pasi shati jeupe, akanyoa, akapanda ngazi za ghorofa nne. Jumana alikuwa kazini. Abu Firas alimkaribisha sebuleni, akamtilia kahawa chungu ya iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono.

Suhaib alikipokea kwa mkono wa kulia. Kisha, kama babu zake walivyofanya, akakiweka mezani bila kukionja, akanyamaza.

Hapo hapahitaji maneno. Mgeni asiyekunywa kahawa yako ana haja, na hatakunywa mpaka umpe au umnyime. Abu Firas alimtazama kijana, akatazama kikombe, akasikia mkewe chumbani akiugulia magoti. Posa hii? Hapana, hakuna anayeposa peke yake kama mtu aliyepotea njia. Fundi wa lifti, yule yule aliyepima ngazi juzi, mbele ya mzee asiyetaka lifti, haja yake itakuwa nini tena? Majirani wamemtuma! Na mzee alikuwa amechoka kumkatalia mkewe.

"Mwanangu," alisema, akavuta pumzi ndefu, "kunywa kahawa yako. Ulichokuja kukitafuta umekipata."

Suhaib nusura alie. "Ami, hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu. Lakini uwe mpole. Niliujenga... niliulea kwa mikono yangu."

Suhaib aliyasikia kama alivyotaka kuyasikia, akanywa kikombe kwa funda moja, akambusu mzee bega, akashuka ngazi tatu tatu. Barabarani akampigia mama yake Irbid. Mama akapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Jumana alirudi saa kumi, akakuta majirani ngazini wanagawana peremende. "Mabruk, Jumana! Mabruk!" Akajua baba ameikubali lifti, akawashukuru. Alipoingia ndani, simu ya mama yake ikalia.

"Umm Firas, mwenzangu!" ilipasuka sauti ya kike. "Mimi mama yake Suhaib! Mabruk kwetu sote! Jumana wetu anapenda dhahabu ya manjano au nyeupe?"

Kisha Abu Firas akasimama, kobazi moja mguuni.

"Nimempa lifti! Sikumpa binti!"

Umm Firas alicheka mpaka akayashika magoti yake. Jumana hakucheka. Alikwenda varandani, akapiga simu.

"Roho yangu!" alipokea Suhaib. "Umesikia? Baba amekubali!"

"Amekubali lifti, Suhaib."

"Lifti gani? Si aliikubali zamani?"

"Ulimwambia nini baba yangu?"

"Sikusema kitu. Niliweka kikombe."

"Kikombe! Na mimi je, mimi uliniwekea nini? Miezi mitatu unaniuliza habari za Irbid na Zarqa. Siku moja hujaniuliza habari za Jumana, anataka nini. Umekwenda kunitaka kwa baba kabla ya kunitaka kwangu. Nilisikia posa yangu kwa mama yako, pamoja na dhahabu!"

"Laazizi, niliogopa. Septemba nakwenda Aqaba, mwaka mzima, nikaona..."

"Aqaba?" Sauti yake ilishuka. "Na hilo nalo nalisikia leo?"

Akakata. Alilia pale pale, mbele ya nguo zilizoanikwa, kwa hasira na kwa mapenzi, na asingeweza kusema kipi kilizidi.

Neno la kahawa halirudi nyuma, kwa hiyo lifti ikabaki. Binti, Abu Firas alisema, hayumo. Mtu mwingine angetuma fundi mwingine. Suhaib alikuja mwenyewe, kila asubuhi, Juni hadi Agosti. Jumana alipita ngazini na raba zake nyeupe, akasema "asubuhi njema" kama anavyosalimiwa mlinzi wa benki. Suhaib alijibu, akaendelea kupima.

Ila aliukata ukuta kwa namna yake. Kila jiwe lililotoka alilipa namba kwa chaki, akalipanga uani, akalifunika turubai. Abu Firas alishuka siku ya kwanza kugomba. Siku ya pili alishuka na kiti. Siku ya tano alikuwa ameshika nyundo.

"Haya mawe unayapeleka wapi?"

"Hayaendi popote, ami. Yatazunguka mlango wa lifti, kila ghorofa. Yatakaa nyumbani kwao."

Jioni hiyo mzee alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani kwa Jumana, kwamba vijana wa Irbid wana mikono mizuri, akili ndiyo inachelewa.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti, baada ya sala, lifti ikaanza kazi. Umm Firas alivaa joho lake la darizi nyekundu, lililokaa kabatini mwaka mzima, akaingia kama bibi arusi. Mlango ukafunga. Ulipofunguka chini, akatoka mpaka barabarani, akalishika shina la myasmini wa jirani, akaangua kilio. Jumana alikuwa naye. Alimwona Suhaib kando, ovaroli imejaa vumbi la mawe, akijifuta macho kwa mkono mchafu, akidhani haonekani. Moyo wake ukalainika kabisa, na hakuupinga.

Akampigia simu, hatua sita kutoka alipo.

"Bwana Juu-na-Chini."

Aligeuka, simu sikioni. "Naam, Mama Takwimu."

"Kuna kahawa juu. Kuuliza si ujinga, Suhaib."

Sebule ilijaa. Abu Awni alikuwepo, na majirani, na Abu Firas na birika lake. Suhaib alipewa kikombe. Watu wakamtazama mkono. Alikishika. Kilimuunguza vidole, akakihamisha mkono huu, akakirudisha ule, hathubutu kukiweka.

"Kiweke basi, utaungua!" Umm Firas alisema.

Suhaib akasimama. Alipita mbele ya Abu Firas, akapita mbele ya wote, akakiweka mbele ya Jumana.

"Nina haja," alisema. "Na ni kwako kwanza, halafu kwa ami. Jumana, nakupenda. Nataka unioe, yaani nikuoe. Aqaba ilikuwa nikwambie siku ile ile. Ukisema nisiende, siendi. Wewe unataka nini?"

Abu Firas alikohoa. "Safari hii hakuna lifti ndani yake?"

"Hakuna, ami. Ni binti tu."

Jumana aliwaacha wangoje. Sijui msichana gani asingefanya hivyo.

"Nataka uende," alisema. "Nimeihesabu Aqaba miaka minne mezani, na kila mwaka ofisi inatafuta mtu wa kuihesabu kwa miguu. Jana niliomba. Mwaka mmoja kule, kisha tunarudi Amman, nami narudi kwenye kazi yangu. Na wazee wako waje kama watu, na makoti. Na jambo lolote linalonihusu, nilisikie mimi kwanza."

"Wewe kwanza. Naapa."

Alimtazama baba yake. Abu Firas aliyatazama mawe yake, yaliyozunguka mlango wa lifti kule nje, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kunywa," Jumana akasema.

Suhaib alikiinua kikombe, akaonja, akakunja uso. "Imepoa."

"Kunywa hivyo hivyo. Ulichelewa mwenyewe."